Kinesi, Kinasi na Nasaba: Istilahi za Jeni ya PIK3CA kwa Msikilizaji wa Mafia

Ikisiri

Makala haya yanajadili matatizo ya kuieleza kwa Kiswahili jeni moja ya binadamu, PIK3CA, ambayo hubeba maelekezo ya kuundia kimeng'enya kinachopachika fosfeti kwenye lipidi za utando wa seli. Msikilizaji tunayemkusudia si mwanafunzi wa biolojia bali mzazi wa kisiwa cha Mafia, mahali ambapo uvimbe wa miguu una jina lake la siku nyingi na maelezo yake. Tunashikilia kwamba, miongoni mwa istilahi zote zinazohusika, ile iliyozoeleka kuliko nyingine, yaani vinasaba, ndiyo inayopotosha zaidi, na kwamba kuichagua au kuiacha ni suala linalogusa heshima ya familia kabla ya kugusa usanifishaji.

1.0 Utangulizi

Mijadala ya istilahi za sayansi katika Kiswahili aghalabu imefanywa kwa kumfikiria mwanafunzi. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 ilikusudiwa darasa, na Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili cha Tumbo-Masabo na Mwansoko, kilichotoka mwaka 1992, kinazungumza na waundaji wa istilahi. Mtu wa tatu, yaani yule atakayeambiwa istilahi hiyo akiwa amempakata mtoto wake, hajapewa nafasi kubwa. Hapa tunajaribu kuanzia kwake.

Mafia imechaguliwa kwa sababu maalumu. Kisiwa hiki, kinachoelekeana na mdomo wa mto Rufiji na ambacho pamoja na visiwa vidogo vya Chole, Juani na Jibondo ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, ndicho kilichoanza katika Tanzania kugawiwa dawa za kutokomeza matende na mabusha, mwaka 2000. Watu wa umri wa miaka mitano na zaidi, isipokuwa wachache waliozuiwa kwa sababu za kiafya, walitakiwa wameze ivermektini na albendazoli mara moja kwa mwaka, wagonjwa na wazima pamoja. Hivyo wakazi wa Mafia walipata mapema mafunzo ambayo sehemu nyingi za nchi ziliyapata baadaye: kwamba mguu kuvimba hakutokani na uchawi, wala na kunywa madafu kupita kiasi kama inavyosemwa pwani kuhusu mabusha, bali na minyoo membamba inayoenezwa na mbu na kufanya makazi katika mishipa ya limfu.

Mafunzo hayo ni ya kweli, na kampeni iliyoyaleta iliongeza neno moja zuri katika lugha, nalo ni kingatiba. Tatizo ni kwamba si kila mguu mnene ni tende. Wako watoto, katika sehemu zote za dunia, wanaozaliwa na mguu mmoja au mkono mmoja mkubwa kuliko mwenzake, au wenye uvimbe wa mishipa ya limfu tangu utotoni, pasipo mnyoo wala mbu. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba mingi ya miguu hiyo hutokana na badiliko katika jeni ya PIK3CA, na mwaka 2015 jeni hiyohiyo ikatajwa kuwa chanzo cha kasoro za mishipa ya limfu. Mshipa ni uleule ambao mnyoo wa matende huuharibu, ila kisa ni kingine kabisa. Tuchukue basi mfano wa kubuni: mama wa kijiji cha Baleni amempeleka Kilindoni mtoto wa miaka sita ambaye mguu wake wa kushoto umekuwa mnene tangu azaliwe. Dawa za matende ameshazimeza wala hazikubadili kitu. Mganga anajua kwamba sababu huenda ikawa PIK3CA. Atamwambiaje?

2.0 Jeni na kazi yake

Kabla ya kuyashughulikia maneno, hatuna budi kulieleza jambo lenyewe. PIK3CA iko katika mkono mrefu wa kromosomu ya 3. Protini inayoundwa kwa maelekezo yake, p110-alfa, ina asidi amino 1068, na hufanya kazi ikiwa imeshikamana na mwenzake mdogo ambaye huizuia isikurupuke. Homoni kama insulini inapofika nje ya seli na kukamatwa na kipokezi chake, jozi hiyo huitwa utandoni. Hapo p110-alfa hutwaa fosfeti na kuipachika kwenye lipidi mojawapo ya utando, katika nafasi ya 3 ya pete ya inositoli. Nafasi hiyo ya 3 ndiyo iliyowapa Lewis Cantley na wenzake ugunduzi wao wa mwaka 1988, kwa maana kabla ya hapo ilidhaniwa kwamba fosfeti hupachikwa mahali pengine. Lipidi iliyotiwa alama kwa namna hiyo huvuta protini nyingine utandoni, mashuhuri miongoni mwao ikiwa ni AKT, na kwa mfululizo huo seli huambiwa ikue, igawanyike, isife. Kimeng'enya kingine, PTEN, huibandua fosfeti ileile na ujumbe ukakoma.

Badiliko linalodhuru ni dogo sana. Katika nafasi ya 1047 ya protini, kwa mfano, histidini inapogeuka kuwa arginini, p110-alfa huendelea kupachika fosfeti hata pasipokuwa na ujumbe kutoka nje. Badiliko hilo lilitambuliwa kwanza katika saratani, mwaka 2004. Likitokea katika titi la mtu mzima linaweza kuchangia saratani. Likitokea katika seli moja ya mimba changa, seli zote zitokanazo na hiyo hulichukua, na kiungo kilichojengwa na seli hizo hukua kupita kipimo. Maadam liliingia baada ya mimba kutungwa, halikutoka kwa baba wala kwa mama, na kwa kawaida halionekani katika damu ya mtoto. Msomaji aiweke akilini nukta hii, kwani ndiyo itakayotushughulisha zaidi.

3.0 Kimeng'enya, kinasi au kinesi

Istilahi kimeng'enya imekubalika na hatupendekezi iondolewe. Hata hivyo inafaa kukumbuka ilikotoka. Kitenzi -meng'enya kina maana ya kuvunjavunja kitu kikawa vipande vidogo, na waundaji wa istilahi bila shaka walikuwa wakifikiria mate na tumbo. Kwa vimeng'enya vya chakula neno linaeleza kazi barabara. Kwa kimeng'enya chetu linasema kinyume, kwa kuwa hiki hakivunji kitu, bali hupachika. Kigezo cha uwazi wa maana, ambacho Kiingi alikitia katika orodha yake ya mwaka 1989, kina hatari hii ambayo haitajwi mara nyingi: neno lililo wazi likitumiwa nje ya mfano wake wa kwanza, uwazi wake ndio unaodanganya. Neno la mkopo lisilo na maana yoyote masikioni halimdanganyi mtu.

Kwa jina la kundi hili la vimeng'enya, basi, tunaelekea kwenye mkopo. Swali ni umbo lake. Ukifuata maandishi ya asili utapata kinasi. Ukifuata matamshi, utapata kinesi. Kiswahili cha sayansi kimekwisha kuchagua njia katika maneno yanayofanana na haya: tunasema fosfeti, salfeti, naitreti, kaboneti, wala hatusemi fosfati wala salfati kwa utaratibu mmoja. Kwa ulinganifu, kiishio cha vimeng'enya kinapaswa kuwa -esi, na jina kuwa kinesi.

Iko sababu ya pili, ya kienyeji, ambayo mwandishi wa makala haya anaikiri kuwa nyepesi lakini hawezi kuiacha. Kwa mtu wa Mafia, Kinasi ni jina la mlango wa bahari ambamo maji huingia na kutoka katika ghuba ya Chole, mkondo wenye nguvu unaojulikana na wavuvi na, siku hizi, na wazamiaji wa kigeni. Mganga atakayemwambia mama wa Mafia kwamba “kinasi ya mtoto imeharibika” atakuwa amelitamka jina la mahali anapopajua. Zaidi ya hayo, kinasi inalikaribia neno kinasa, kama katika kinasa sauti, kitu kinachokamata. Kinesi haimkumbushi mtu chochote, na katika kazi hii hiyo ni sifa.

Kuhusu ngeli hatuna wasiwasi. Neno la kigeni linaloanza na ki- huingia lenyewe katika ngeli ya KI-VI, kama ilivyokuwa kwa kitabu, na kama madereva walivyotupatia vipilefti bila kumwuliza mtaalamu yeyote. Kinesi, vinesi.

4.0 Mafuta ya nani?

Ugumu mkubwa zaidi umo katika sehemu ya pili ya jina. Kimeng'enya hiki ni cha aina inayopachika fosfeti kwenye lipidi, si kwenye protini. Mfasiri mwenye haraka ataandika “kimeng'enya cha mafuta”. Hapo kihusishi -a, ambacho ni mtumishi mwema wa sarufi yetu, kinafanya kazi nyingi mno. Kimeng'enya cha mafuta kinaweza kuwa kilichotengenezwa kwa mafuta, kinachokaa ndani ya mafuta, au kinachoyavunja mafuta. Mwanafunzi aliyesoma mfumo wa chakula atachukua maana ya mwisho, na atakosea, kwa kuwa hicho ni kimeng'enya kingine kabisa.

Mama wa Baleni atachukua maana ya nne. Mafuta, kwake, ni ya nazi. Mafia ni kisiwa cha minazi. Nazi ndiyo mchuzi, ndiyo mafuta ya nywele, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa fedha ya wengi. Akiambiwa kwamba kimeng'enya cha mafuta cha mwanawe kina kasoro, atakalofanya kesho yake ni kumkataza mtoto kula kitu kilichoungwa kwa nazi. Hatuoni kuwa hilo ni ujinga. Ni hitimisho la haki kutokana na maneno aliyopewa, na linafuata mantiki ileile ya madafu na mabusha: kitu unywacho hujaa mahali. Kampeni ilifanya kazi ya miaka kuwatenganisha watu na fikra hiyo, na istilahi moja iliyotafsiriwa kwa uzembe inaweza kuirudisha.

Kwa hiyo tunapendekeza lipidi kwa maandishi ya kitaalamu, na kwa mazungumzo ya hospitali neno hilo liachwe kabisa. Mzazi hahitaji kujua kwamba alama huwekwa juu ya lipidi. Anahitaji kujua kwamba huwekwa katika ukuta wa seli, kwa upande wa ndani. Kadhalika kitenzi cha jeni kisitafsiriwe kwa kukopa: “jeni inakodi protini” itasikika kama habari ya upangaji wa nyumba. Jeni hubeba maelekezo, na maelekezo ni neno linalojulikana na kila mtu aliyewahi kutumwa dukani.

5.0 Nasaba

Tunafika kwenye neno lililosababisha makala haya yaandikwe. Kwa jeni, kamusi za taaluma zina jeni. Lakini magazeti, redio, mahakama na sheria zimechagua vinasaba, ama kwa maana ya jeni, ama kwa maana ya asidi ya urithi inayozibeba, ama kwa zote mbili. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2009 inayosimamia vipimo hivyo inajulikana kwa neno hilo, na Mkemia Mkuu wa Serikali hutajwa nalo katika habari za kila mara. Kwa usanifu wa lugha ni neno la kupendeza. Limejengwa juu ya nasaba, neno la asili ya Kiarabu ambalo Waswahili wamelitumia kwa karne nyingi, likavishwa kiambishi cha ngeli na kuwa jina la kitu. Kwa vigezo vya kawaida vya istilahi lingepata alama za juu.

Ila nasaba si neno tupu. Anapoulizwa mtu nasaba yake haulizwi kemia. Anaulizwa ni nani, katoka kwa nani, na je, anafaa kuozwa binti wa watu. Mafia ni mahali pazuri pa kulipima neno hili, kwa sababu mpangilio wake wa ukoo umechunguzwa kwa makini. Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake katika kijiji cha Kanga, kaskazini ya kisiwa, mwaka 1965, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1975 jamii ambamo mtu huhesabu asili yake kwa baba na kwa mama pia, na hivyo kuwa mwanachama wa makundi kadhaa ya ukoo kwa wakati mmoja. Uanachama huo haukuwa wa jina tu, bali ulihusu mahali pa kukaa, ardhi ya kulima, na uchaguzi wa mchumba. Katika mpangilio wa namna hiyo nasaba ni wavu, wala si uzi mmoja. Doa likiitwa la nasaba haliangukii upande mmoja tu. Shangazi atajiuliza kama ni la kwao, na mjomba naye vivyo hivyo.

Sasa mganga amwambie mama: “Mtoto wako ana ugonjwa wa vinasaba.” Mama amesikia nini? Amesikia kwamba mguu huu umetoka katika ukoo. Swali la pili, ambalo huenda asilitamke mbele ya mganga, ni ukoo upi. Mume naye, kwa kuwa neno hili redioni huambatana na kesi za watoto waliokataliwa na baba zao, anaweza kusikia jambo baya zaidi. Dada za mtoto wakikaribia umri wa kuolewa, neno litakuwa limekwisha kutembea. Na yote haya ni uongo mtupu. Badiliko la PIK3CA linalonenepesha kiungo halikurithiwa, na mtoto wa pili wa wazazi hao hana sababu ya kuliogopa kuliko mtoto wa jirani. Hakuna ugonjwa ulio mbali na nasaba kuliko huu, na lugha yetu inaupa jina la nasaba.

Itajibiwa kwamba hata jeni, kwa asili yake ya Kigiriki, inahusu kuzaa na kizazi. Kweli, lakini Kigiriki hakisikiki Mafia. Vilevile itasemwa kwamba vinasaba imeshika mizizi na haing'oki. Hilo pia ni kweli, nasi hatutaki kuing'oa. Linafaa liendelee mahali ambapo habari ni ya nasaba hasa: kesi za uzazi, utambuzi wa maiti, na magonjwa kama selimundu ambayo hupitishwa na wazazi wote wawili. Tunachokataa ni neno moja kuwa mwavuli wa kila kinachotokea ndani ya kromosomu.

Kwa badiliko lililoingia njiani tunahitaji njia nyingine ya kusema, na hapa kisiwa chenyewe kinasaidia. Mwanamke asukaye ukili huendelea kuongeza chane kadiri ukili unavyorefuka. Akiingiza chane iliyotiwa rangi katikati ya kazi, rangi itaonekana kuanzia hapo na kuendelea, lakini sehemu iliyokwisha kusukwa ni nyeupe, na mindu ulikokatwa ukindu haukuwa na rangi yoyote. Mfano huu una kasoro yake, kwa kuwa chane huingizwa kwa kusudi ilhali badiliko halina mkono wa mtu, na msemaji lazima aliseme hilo waziwazi. Lakini unaonyesha mambo mawili ambayo neno vinasaba linayaficha: kwamba kosa lina mwanzo wake ndani ya mtoto, na kwamba liko sehemu moja tu ya mwili.

6.0 Matini ya kujaribia

Ili mapendekezo yasiishie katika orodha ya maneno, tunatoa hapa matini fupi ambayo mganga angeweza kumsomea au kumwambia mzazi. Tumetumia hodi, kwa kuwa hakuna nyumba ya Mswahili isiyoijua.

“Mwili wa mtoto wako umejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Kila seli ina ukuta mwembamba, na ujumbe wa kuitaka ikue hufika ukutani na kupiga hodi. Ndani kuna kitu kiitwacho kinesi. Kikisikia hodi huweka alama ukutani kwa ndani, na alama hiyo ndiyo inayoanzisha kazi ya kukua. Kiko kingine kinachoifuta alama kazi ikitosha. Katika mguu huu kinesi huweka alama hata pasipo hodi. Kosa hilo liliingia katika seli moja, mtoto alipokuwa bado anaumbika tumboni, likaenea mguuni kama rangi ya chane katika ukili. Halikutoka kwa baba wala kwa mama. Si minyoo, si mbu, si chakula, na hakuna mtu aliyelitia.”

Matini hii inaweza kukosolewa. Mwanabiolojia atasema kwamba alama haiwekwi juu ya ukuta bali ni tofali mojawapo la ukuta linalogeuzwa. Nasi tutamjibu kwamba tofauti hiyo ni yake, si ya mama. Mwanasarufi atauliza kwa nini kinesi hakikupewa upatanisho wa viumbe hai ilhali kinasikia hodi. Tulijaribu. Kinesi kilipofanywa “mtumishi” aliyemo ndani ya mtoto, kilianza kufanana na kitu kilichompanda mtu, na katika pwani yetu jambo hilo lina wataalamu wake wengine.

Faida ya maelezo sahihi si ya faraja tu. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha alpelisibi, dawa inayokizuia kinesi hiki, kwa wagonjwa wa umri wa miaka miwili na zaidi wenye viungo vilivyokua kupita kiasi kwa sababu ya PIK3CA. Mwaka 2019 ilikuwa imeidhinishwa kwa saratani ya matiti. Dawa hiyo hupandisha sukari ya damu, na aliyeelewa habari ya hodi ataelewa sababu: insulini nayo hubisha katika mlango uleule. Kwa maneno “kimeng'enya cha mafuta” uhusiano huo hauelezeki.

Linabaki suala la karatasi ya idhini. Minyoo ya matende ilitafutwa katika damu iliyochukuliwa usiku, kwa kuwa vijiminyoo huonekana katika damu saa hizo, na watu wa makamo kisiwani wanaukumbuka usiku huo. Kwa PIK3CA damu haitoshi, ya usiku wala ya mchana. Hutakiwa kipande cha kiungo chenyewe. Karatasi inayosema “ninakubali mtoto wangu apimwe vinasaba” haimwambii mzazi kwamba ngozi itakatwa, na inamwambia kwamba ukoo wake utachunguzwa. Tungependa isomeke hivi: “Ninakubali kichukuliwe kipande kidogo cha ngozi ya mguu wa mtoto wangu, jeni za kipande hicho zitazamwe kama zina kosa linalounenepesha mguu. Kipimo hiki hakitatumika kuchunguza nani ni baba wala mama wa mtoto.” Sentensi ya kwanza ina maneno mengi kuliko ile ya zamani, na ya pili haikuwamo. Ndiyo ambayo mume ataitaka isomwe tena.